Albert Hill, bingwa wa mita 800 na mita 1500 mwaka 1920: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Albert Hill halitajwi sana siku hizi, hata kwao Uingereza. Wengi hulikuta kwenye orodha ya mabingwa wa Olimpiki, mwaka 1920, likiwa limeandikwa mara mbili: mita 800, kisha mita 1500. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yanahitaji kusimuliwa.

Albert Hill alikuwa nani?

Mkimbiaji wa mbio za kati kutoka London, aliyezaliwa Tooting tarehe 24 Machi 1889. Alikuwa mfanyakazi wa reli, na aliiwakilisha klabu ya riadha ya Polytechnic Harriers. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1920, alipata medali mbili za dhahabu na moja ya fedha. Wakati huo alikuwa na miaka 31, umri ambao wakimbiaji wengi wa zama zake walikuwa wamekwisha kutundika viatu.

Hilo la reli nalitaja makusudi. Karibu kila mtu aliyepambana naye katika miaka yake mikubwa alitoka chuo kikuu chenye jina. Bevil Rudd wa Afrika Kusini alisoma Oxford. Philip Baker na Henry Stallard walisoma Cambridge. Earl Eby, Mmarekani, alitoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Riadha ya ridhaa ya Uingereza, yaani ya wasiolipwa, ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mchezo wa vijana wenye nafasi ya kuucheza. Hill alifanya mazoezi baada ya kazi.

Ni kweli kwamba alianza na mbio ndefu?

Ndiyo. Taji lake kubwa la kwanza lilikuwa la maili 4, yaani kilomita 6 na zaidi kidogo, alilolitwaa mwaka 1910 akiwa na miaka 21. Mashindano yenyewe yalikuwa ya ubingwa wa chama cha riadha ya ridhaa cha Uingereza, yanayojulikana kwa kifupi kama AAA, ambayo enzi hizo yalikuwa makubwa kuliko yote nje ya Olimpiki. Wageni kutoka Marekani na makoloni walisafiri kuyafuata.

Baada ya hapo akawa anashuka: kutoka maili 4 mpaka maili moja, na kutoka maili mpaka yadi 880, ambazo ni kama mita 805. Kwa kawaida mkimbiaji huanza na mbio fupi, kisha kasi inapopungua kwa umri anahamia ndefu. Hill alikwenda kinyume. Alijenga pumzi kwanza, kasi akaiongeza baadaye, na nadhani hii ndiyo sehemu ya siri ya uimara wake alipotakiwa kukimbia siku tano mfululizo.

Mwaka 1914 alikuwa wa pili katika yadi 880 za AAA, nyuma ya Mmarekani Homer Baker. Alikuwa na miaka 25 na ndiyo kwanza anakaribia kilele. Wiki chache baadaye vita vikalipuka.

Alikimbia Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912?

Hapana. Olimpiki yake ilikuwa moja tu, ya 1920. Ile ya 1916, iliyopangwa kufanyika Berlin, ilifutwa kwa sababu ya vita.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimfanya nini?

Vilimla miaka ambayo mkimbiaji wa mbio za kati huwa hairudishi tena. Alitumikia Ufaransa katika Royal Flying Corps, kikosi cha ndege cha jeshi la Uingereza, akiwa fundi wa mawasiliano ya redio. Aliingia katika miaka ya vita akiwa kijana wa miaka 25, akatoka ana 30.

Wapo walioondokewa na zaidi ya miaka. Mabingwa kadhaa wa Olimpiki za 1908 na 1912 hawakurudi kabisa kutoka vitani. Hanns Braun, Mjerumani aliyepata medali ya shaba ya mita 800 mwaka 1908, alikuwa rubani wa vita na alikufa mwaka 1918. Arnold Jackson, Mwingereza aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 mwaka 1912, alirudi na majeraha yaliyomwacha akichechemea, na mbio zake zikaishia hapo. Hill alirudi mzima. Ukiyatazama mafanikio yake bila kukumbuka hali hiyo, utaona orodha ya nyakati na kumkosa mtu mwenyewe.

Alirudije kwenye kiwanja cha mbio?

Kwa kishindo. Katika mashindano ya AAA ya mwaka 1919 alishinda yadi 880 na maili moja mchana mmoja, kisha akakimbia kipande chake cha nusu maili katika mbio za kupokezana vijiti za klabu yake. Mwaka huohuo aliifikia rekodi ya Uingereza ya maili, dakika 4 na sekunde 16.8, iliyowekwa na Joe Binks mwaka 1902. Kwa miaka 17 hakuna Mwingereza wa ridhaa aliyekuwa ameigusa.

Kocha wake alikuwa nani?

Sam Mussabini, na hapa inabidi nikae kidogo, maana bila mtu huyu habari ya Hill ingekuwa nyingine.

Mussabini alizaliwa London mwaka 1867 katika familia yenye asili ya Mashariki ya Kati. Aliwahi kuwa mwandishi wa habari za mchezo wa biliadi, akawafunza waendesha baiskeli, kisha akageukia riadha. Mwaka 1908 alimnoa Reggie Walker wa Afrika Kusini, aliyeshinda mita 100 za Olimpiki ya London. Mwaka 1924 alimfikisha Harold Abrahams kwenye dhahabu ya mbio hizohizo huko Paris. Katikati ya hao wawili yupo Hill.

Alichokuwa nacho Mussabini, na ambacho wengi wa wakati wake hawakuwa nacho, ni imani kwamba kukimbia kunafundishika. Alitazama mikono: namna inavyokwenda, inavyoivuta miguu, inavyolegea mtu anapochoka. Alichunguza picha za wakimbiaji wakiwa kwenye mwendo. Alishika saa mkononi na kumzoesha mkimbiaji kugawa nguvu zake sawasawa kwa kila mzunguko, badala ya kufyatuka mwanzoni na kuburuta miguu mwishoni. Leo hayo yote kila mwalimu wa riadha wa shule anayajua, lakini wakati ule yalikuwa mageni.

Tena alikuwa kocha wa kulipwa. Wakubwa wa riadha ya ridhaa waliwatazama watu wa namna hiyo kama vibarua waliojipenyeza kwenye sherehe. Mwaka 1924 Abrahams aliposhinda, mwalimu wake hakuwamo uwanjani. Hill hakuwa na haya ya kuonekana naye, na baadaye aliichagua kazi hiyohiyo.

Kwa nini inasemekana wateuzi wa timu ya Uingereza hawakutaka akimbie mbio zote mbili?

Kwa sababu ya umri na ratiba. Mtu wa miaka 31, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa ameshindwa na Bevil Rudd katika yadi 880 za AAA, alikuwa anaomba kukimbia mchujo, nusu fainali na fainali ya mita 800, halafu bila kupumzika mchujo na fainali ya mita 1500. Ni mbio tano ndani ya siku tano. Wateuzi waliona ni kumchosha bure, pengine akose kotekote. Ilibidi awashawishi. Walikubali, na kwa hilo wanastahili shukrani yao.

Michezo ya Antwerp ilikuwa ya namna gani?

Ya watu waliotoka kuzika. Vita vilikuwa vimekwisha Novemba 1918, na Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani kwa miaka minne. Antwerp ilipewa michezo hiyo kwa heshima ya mateso ya nchi, ikaandaa kwa muda mfupi na fedha kidogo. Ujerumani, Austria, Hungary, Bulgaria na Uturuki hazikualikwa. Hapo ndipo bendera ya pete tano ilipopandishwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki, na hapo ndipo kiapo cha wanamichezo kilipoanza, kikisomwa na Mbelgiji Victor Boin.

Mvua ilinyesha. Kiwanja cha mbio kilikuwa kizito na laini, kikinasa miguu. Wanamichezo walilala kwenye majengo ya shule. Wamarekani walikuwa wamevuka bahari kwa Princess Matoika, meli ya jeshi ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imeleta nyumbani maiti za askari, wakafika wamechoka na wenye hasira. Kila aliyesimama kwenye mstari wa kuanzia alikuwa na lake la kulalamikia.

Fainali ya mita 800 ilikwendaje?

Ilikimbiwa tarehe 17 Agosti. Rudd ndiye aliyeogopwa zaidi: alikuwa na kasi ya mita 400, na siku tatu baadaye alishinda dhahabu ya mbio hizo. Mpango wa mtu wa namna hiyo unajulikana, anakwenda mbele na kuwaachia wengine kazi ya kumfukuza.

Hill hakupaparika. Rudd alikuwa bado mbele walipokaribia kunyoosha kuelekea kwenye utepe, na hapo ndipo Mwingereza alipofungua hatua. Akampita. Eby naye akaja kwa nguvu nyuma yake. Hill alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 53.4, Eby 1:53.6, Rudd 1:54.0. Watu watatu ndani ya sekunde moja, kwenye udongo uliolowa. Wastani wa Hill ni sekunde 56.7 kwa kila mita 400.

Rekodi ya dunia ya wakati huo ilikuwa 1:51.9, ya Mmarekani Ted Meredith, aliyoiweka Stockholm mwaka 1912. Kwa hali ya kiwanja cha Antwerp hakuna aliyetarajia ivunjwe.

Na fainali ya mita 1500?

Siku mbili baadaye, tarehe 19 Agosti, kwenye mvua. Mmarekani Joie Ray ndiye aliyekuwa akitazamiwa, na ndiye aliyeongoza mwanzoni, lakini hakuwa mzima wa mguu na akafifia.

Hill hakuwa peke yake. Pembeni yake alikuwa Philip Baker, nahodha wa timu ya riadha ya Uingereza, na walikimbia kama ndugu wawili wanaovuka barabara yenye magari mengi. Baker alikaa karibu naye ili wapinzani wasipate mwanya wa kumbana. Mwishoni Hill aliondoka, Baker akafuata, na hakuna aliyewafikia. Hill dakika 4 na sekunde 1.8, Baker 4:02.4. Shaba ilikwenda kwa Mmarekani Lawrence Shields.

Miongoni mwa mbio zote za Hill, hii ndiyo ninayoirudia zaidi kichwani. Kwenye mita 800 alishinda kwa miguu yake. Kwenye 1500 alishinda pia kwa kuwa mwenzake, ambaye naye alikuwa na uwezo wa kuitafuta dhahabu, aliamua kufanya kazi nyingine kwanza.

Philip Baker na Philip Noel-Baker ni watu wawili?

Ni mtu mmoja. Alimwoa Irene Noel na baadaye akaunganisha majina yao, ndiyo maana matokeo ya 1920 yanamwandika Baker tu. Alikuwa wa madhehebu ya Wakwekeri, wale ambao magharibi mwa Kenya wanajulikana kama Kanisa la Marafiki, na wakati wa vita hakushika bunduki bali alihudumu kwenye kikosi cha magari ya wagonjwa. Baadaye alikuwa mbunge na waziri, akatumia maisha yake kupigania upunguzaji wa silaha. Mwaka 1959 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ndiye mtu pekee aliyewahi kupata medali ya Olimpiki na Tuzo ya Nobel, na medali yenyewe ni ile ya fedha aliyoipata nyuma ya Hill.

Mbona muda wake wa mita 1500 ni mbaya kuliko wa bingwa wa 1912?

Arnold Jackson alikimbia 3:56.8 huko Stockholm, Hill 4:01.8 huko Antwerp. Tofauti ni sekunde tano. Kiwanja cha Stockholm kilikuwa kizuri na hewa ilikuwa kavu. Antwerp ilikuwa tope, na Hill alikuwa kwenye mbio yake ya tano kwa siku tano. Katika fainali ya Olimpiki mtu hushindana na waliopo. Muda wake halisi, kwenye kiwanja kizuri, aliuonyesha mwaka uliofuata.

Medali ya tatu ilitoka wapi?

Kwenye mbio za timu za mita 3000, ambazo hazipo tena kwenye Olimpiki. Pointi zilihesabiwa kwa nafasi za wakimbiaji watatu wa mwanzo wa kila nchi. Marekani ilishinda, Uingereza ikapata fedha kwa miguu ya Joe Blewitt, William Seagrove na Hill, aliyekuwa amekwisha kubeba uchovu wa mbio tano.

Aliwahi kuvunja rekodi ya dunia?

Hapana, ila aliikaribia sana. Mwezi Julai 1921, kwenye mashindano ya AAA pale Stamford Bridge, alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 13.8. Ilikuwa rekodi mpya ya Uingereza, sekunde tatu chini ya ile aliyochangia na Binks. Duniani kote, kati ya wakimbiaji wa ridhaa, aliyekuwa na muda bora zaidi alikuwa mmoja tu: Norman Taber wa Marekani, 4:12.6, mwaka 1915. Henry Stallard, kijana aliyekuja kupata shaba ya Olimpiki miaka mitatu baadaye, alimaliza wa pili kwa 4:14.2.

Nasema wa ridhaa kwa sababu ipo habari ya pembeni isiyofaa kusahauliwa. Mwingereza Walter George, akiwa mkimbiaji wa kulipwa, aliwahi kukimbia maili kwa 4:12¾ mwaka 1886. Ilichukua karibu miaka 30 kabla ya mtu yeyote kupita hapo.

Hill alikuwa na miaka 32 alipoweka muda huo. Wastani wake ni chini ya sekunde 64 kwa kila robo ya maili.

Nani wengine wameshinda mita 800 na 1500 katika Olimpiki moja?

Kabla yake: Edwin Flack wa Australia mwaka 1896, Jim Lightbody wa Marekani 1904, na Mel Sheppard wa Marekani 1908. Baada yake, kwa wanaume, Peter Snell wa New Zealand mwaka 1964, baada ya miaka 44. Tangu hapo hakuna mwanamume mwingine. Kwa Waingereza ilibidi wasubiri hadi 2004, Kelly Holmes alipozishinda zote mbili kwa upande wa wanawake huko Athens.

Ushindi wake wa mita 800 ulifungua pia mlango wa nyumbani. Douglas Lowe akashinda 1924 na 1928, Tommy Hampson 1932. Olimpiki nne mfululizo, dhahabu ya mita 800 ilikwenda Uingereza.

Kulikuwa na mkimbiaji wa Afrika Mashariki Antwerp?

Hakukuwa na hata mmoja. Mwaka huohuo wa 1920 ndipo Waingereza walipoitangaza Kenya kuwa koloni. Wakenya waliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956, Melbourne.

Akilinganishwa na wakimbiaji wa leo je?

Faith Kipyegon alikimbia maili kwa 4:07.64 huko Monaco mwaka 2023, kwa hiyo angemwacha Hill kwa zaidi ya sekunde sita. David Rudisha aliziweka mita 800 kwenye 1:40.91 London mwaka 2012. Hakuna haja ya kuona huruma. Hill alikimbia kwenye njia ya cinda, yaani masalia ya makaa yaliyoungua, na udongo, kwa viatu vizito vya ngozi, baada ya miaka ya vita, akiwa na kazi ya mshahara. Mazoezi ya vipande vya kasi na mapumziko mafupi, ambayo Mjerumani Woldemar Gerschler aliyaweka kwenye utaratibu miaka ya 1930, hayakuwepo.

Kwa nini aliacha mwaka 1921, akiwa bora kuliko wakati wowote?

Umri, kwanza. Pili, alitaka kufundisha, na sheria za ridhaa za siku hizo hazikumruhusu mtu apokee fedha kwa ukocha kisha aendelee kushindana. Alichagua.

Alimfundisha nani?

Jina kubwa ni Sydney Wooderson, mwanasheria mwembamba aliyevaa miwani, ambaye ukimwona barabarani usingedhani ni mwanamichezo. Hill alimchukua akiwa kijana na kumpa alichopewa na Mussabini: mikono, saa, kugawa nguvu. Tarehe 28 Agosti 1937, Motspur Park, Wooderson aliweka rekodi ya dunia ya maili, dakika 4 na sekunde 6.4. Mwaka uliofuata, kwenye kiwanja hichohicho, akaweka mbili kwa mpigo mmoja: 1:48.4 kwa mita 800 na 1:49.2 kwa yadi 880. Rekodi ya dunia aliyoikosa mwalimu, mwanafunzi aliipata.

Vita vya pili vikaja na kumla Wooderson miaka yake kama vile vya kwanza vilivyomla Hill. Naye alirudi. Mwaka 1945 alikimbia maili kwa 4:04.2, na 1946 akawa bingwa wa Ulaya wa mita 5000 huko Oslo. Katika moja ya mbio zake za 1945, pale White City, London, kulikuwa na mvulana aliyepelekwa na baba yake kutazama. Jina lake Roger Bannister. Yeye ndiye aliyekuja kushuka chini ya dakika nne, tarehe 6 Mei 1954.

Ni kweli kwamba alizaliwa London na akafa London?

Ni kweli, lakini si mji mmoja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Hill alihamia Kanada. Alifariki tarehe 8 Januari 1969, miezi miwili na nusu kabla ya kutimiza miaka 80, katika mji wa London ulioko jimbo la Ontario.